Macho Juu ya Daftari la Mwandishi
Mwandishi anayefuatilia mgogoro wa ardhi katika Bonde la Kilombero, eneo oevu la Tanzania lililoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mara nyingi huandika akiwa amezungukwa: mwenyekiti wa kijiji kulia, jirani wa mlalamikaji nyuma, na macho yote kwenye daftari. Nashikilia kwamba ana haki, tena wajibu, wa kulifunga. Mkulima aliyelalamikia ng'ombe shambani, au mfugaji aliyemtaja aliyepokea fedha zake za malisho, atabaki hapo hapo baada ya mwandishi kupanda basi la kurudi Ifakara. Jina lake likisomwa leo, kesho ataitwa msaliti. Wapo wanaosema kuficha kunazua shaka, na kwamba mwenyekiti huchungulia ili asahihishe. Hoja ya usahihi ina uzito, hasa kwenye majina ya vitongoji na ukubwa wa mashamba. Lakini dawa yake ni kumsomea kila mtu maneno yake mwenyewe, ya kwake tu, kisha kufunga ukurasa. Kwenye simu hatari ni kubwa zaidi, maana ujumbe wa mtoa habari huchomoza wenyewe juu ya kioo. Arifa zizimwe kabla kikao hakijaanza.