Uwezo, sababu na nia

Novemba 2, 1978, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alizungumza kuhusu majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliyovamia Kagera. Uwezo wa kumpiga tunao, alisema. Sababu tunayo, na nia tunayo. Kiswahili cha kawaida kabisa, hata mtoto aliweza kukikariri.

Kwa maelfu ya vijana wa mgambo, kauli hiyo iligeuka buti, bunduki na safari ya kuvuka Mto Kagera. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wengine hawakurudi. Waliorudi walikuta uchumi umeyumba, sukari na sabuni ni za foleni.

Siku hizi waomba kura huyaazima maneno hayo majukwaani. Si dhambi, ila wao hawakuyasikia wakiwa na jembe mkononi, wakaliacha shambani.