Damu kuganda tumboni baada ya maradhi ya virusi, na suala la sindano ya heparini

Tangu chanjo ya Johnson & Johnson ilipoanza kutolewa Tanzania Julai 2021, neno moja halijatoka midomoni mwa watu: "inagandisha damu." Ni kweli kwamba Marekani iliisimamisha kwa siku chache Aprili mwaka huo kwa sababu hiyo. Kilichosahauliwa ni kuwa virusi vya korona vyenyewe hugandisha damu, tena zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipopitia rekodi za wagonjwa zaidi ya nusu milioni, walikuta karibu watu 4 katika kila 10,000 wamegandwa na damu katika mshipa mkubwa unaotoka utumboni kwenda kwenye ini. Ni wachache, lakini hatari yake ni kubwa.

Virusi huwasha kuta za mishipa, damu ikawa nyepesi kuganda. Mara nyingi hutokea miguuni au mapafuni. Ikitokea tumboni, ndipo familia zinapopotea: maumivu makali, kutapika, tumbo kujaa. Nyumbani husemwa vidonda vya tumbo, au chango, na wengine humtafuta wa kusoma ruqya peke yake. Ruqya isomwe, na gari itafutwe.

Tuichukue Hedaru, mji wa barabarani chini ya milima ya Upare, ambao ndugu zetu wa Unguja na Pemba huupita kwa basi wakienda Moshi au Arusha. Damu iliyoganda ndani ya tumbo huonekana kwa kipimo cha CT au ultrasaundi ya mishipa, si kwa kubonyeza tumbo tu. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na utumbo uliokatiwa damu waweza kufa kwa saa chache. Mkaazi wa Micheweni anaielewa hesabu hii. Kwake yeye kuna na bahari.

Mgonjwa akishafika salama, huja suala tunaloulizwa. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni heparini, na heparini nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Je, Muislamu akatae? Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lililijadili jambo hili katika kikao chake cha 17, mwaka 1424 H (2003), kuhusu heparini mpya yenye uzito mdogo. Liliruhusu itumike penye haja, bila kupanua zaidi ya kiasi kinachohitajika, na kikipatikana kibadala safi cha uhakika, kifuatwe hicho. Kwa hiyo kumuuliza daktari kama kuna kibadala ni haki ya mgonjwa. Kukiwa hakuna, kuikataa sindano huku damu inaganda ni kujidhiki katika jambo ambalo wanazuoni wamelifungulia mlango.

Vidonge vya warfarini havitokani na mnyama; vinatengenezwa maabara. Ila huchukua siku kadhaa kufanya kazi, ndiyo maana sindano hutangulia. Kisha matibabu huendelea kwa miezi 3 au zaidi, na anayemeza warfarini lazima apimwe damu mara kwa mara. Anayeishi mbali na maabara aulize mapema, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, atapimwa wapi.