Rapu ya Kuku Si Chakula Chepesi

Katika foleni za migahawa ya vyakula vya haraka imeota imani moja inayostahili kung'olewa: kwamba anayeagiza baga amejiachia, na anayeagiza rapu ya kuku anajitunza. Rapu, ule mkate mwembamba wa ngano unaoviringishwa ukaficha kuku, saladi na sosi, imepewa heshima isiyoistahili. Aliyeambiwa na daktari apunguze wanga anaikimbilia. Mwenye presha anaikimbilia. Mama anamchagulia mwanawe rapu, na roho yake inatulia. Kauli yao ni ileile: "Nachukua rapu tu, sitaki kitu kizito."

Ni kizito, na ushahidi wake umeandikwa ukutani na wauzaji wenyewe.

Tuanzie Marekani, maana ndiko rapu hizi zilikopata uhai mpya hivi karibuni. McDonald's iliingiza Snack Wrap sokoni mwaka 2006, ikaanza kuiondoa 2016 kwa kuwa ilichelewesha kazi jikoni, kisha Julai 2025 ikairudisha kwa bei ya karibu dola 3, baada ya wateja kuililia kwa miaka. Popeyes ilikuwa imetangulia wiki chache na rapu zake za kuku. Watu wakapanga foleni kuonja. Sina ugomvi na kuonja. Kuku wa kukaanga mwenye sosi ni mtamu, na anayemtaka amle akijua anakula nini. Ugomvi wangu ni na jina jema ambalo chakula hiki kimejipatia.

Tangu Mei 2018, sheria ya Marekani inaitaka migahawa yenye matawi 20 au zaidi iandike kalori za kila chakula kwenye orodha ya bei. Snack Wrap yenye sosi ya ranch imeandikiwa kalori 390. Baga yenye jibini ya mgahawa huohuo ina kama 300, na baga ya kawaida isiyo na jibini ina kama 250. Maana yake ni kwamba aliyeikimbia baga kwa ajili ya afya yake ameangukia kwenye kalori nyingi zaidi, tena akiwa ameridhika na uamuzi wake. Na kwa sababu rapu moja ni ndogo na haishibishi, huuzwa pia kama mlo: rapu mbili, chipsi za wastani na kinywaji. Rapu mbili ni 780. Chipsi ni kama 320. Kabla hujagusa soda umefika 1,100, ilhali orodha hiyohiyo inakukumbusha kuwa ushauri wa jumla wa lishe hukadiria 2,000 kwa siku nzima. Big Mac, baga inayotajwa kila mtu anapotafuta mfano wa ulafi, ina kalori zisizofika 600.

Najua nitakavyojibiwa: kosa ni la kukaanga, mtu achague kuku wa kuchoma. Snack Wrap ya zamani kweli ilikuwa na kuku wa kuchoma. Iliyorudi 2025 ilirudi na wa kukaanga peke yake. Na pale Wendy's ilipoleta rapu ya kuku wa kuchoma mwaka 2023, ilikuwa na kalori takriban 420. Kuchoma hakukuiokoa, kwa sababu mzigo mkubwa hauko kwa kuku. Uko kwenye mkate na sosi.

Mkate huo ndio unaowadanganya watu macho. Ni totila ya ngano, ndugu mdogo wa ile totila ya mahindi ambayo watu wa Meksiko wameila kwa karne nyingi kabla Wahispania hawajawapelekea ngano. Totila kubwa ya ngano inayotumiwa na Chipotle kufungia buriti ina kalori 320 kwa hesabu ya kampuni yenyewe, kabla haijawekewa hata punje moja ya wali. Wembamba wake hauna uhusiano na wepesi. Unga umekandwa kwa mafuta, ukatandazwa bila kuumuka. Hamna hewa ndani yake kama iliyomo kwenye boflo, kwa hiyo kila tonge ni unga na mafuta tupu. Juu yake inamwagwa sosi ya ranch, ambayo sehemu yake kubwa ni mafuta. Chumvi nayo inaingia kwa milango minne: kwenye totila, kwenye unga wa kukaangia kuku, kwenye jibini na kwenye sosi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha anayeagiza rapu kwa kudhani anajihurumia hana namna ya kuionja chumvi yote hiyo, kwa jinsi ilivyogawanywa.

Na yale majani ya saladi yanayochungulia juu? Ni machache mno kubeba hoja yoyote.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Imani hii imehamia kwetu pamoja na dharau. KFC ilifungua milango Kenya mwaka 2011, na rapu yake, Twister, ina wapenzi Nairobi. Msikilize mpenzi wa rapu akizungumzia chapati: ni mafuta, ni wanga, inanenepesha, ameacha. Mwambie basi ataje vilivyomo ndani ya chapati: unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta. Kisha ataje vilivyomo kwenye totila: unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta. Ni chakula cha aina moja, ila kimoja kimepikwa na mama ntilie na kingine kinatoka kwenye karatasi yenye nembo. Rolex ya Kampala, chapati iliyoviringishwa na mayai, nyanya, kitunguu na kabichi, inaitwa chakula cha kujaza tumbo, wakati mlaji husimama pale pale mbele ya kikaango, akaona mafuta yanavyomiminwa, na akitaka yapunguzwe anasema. Kwenye rapu mafuta yameshafungiwa ndani ya mkate, ndani ya unga wa kuku na ndani ya sosi muda mrefu kabla mteja hajaingia mlangoni. Sisemi rolex ni dawa. Nasema hakuna haki kuihukumu chapati kwa mafuta yanayoonekana na kuiachia rapu kwa mafuta yaliyofichwa.

Uingereza, tangu Aprili 2022, biashara za chakula zenye wafanyakazi 250 au zaidi ndani ya England zinalazimika kuonyesha kalori. Kampuni iliyoweza kumhesabia mteja wa Leeds haishindwi kumhesabia mteja wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye anastahili heshima ileile. Namba ziandikwe kando ya bei, kwa herufi za ukubwa uleule, na kiasi cha chumvi chini yake, ili mgonjwa wa kisukari au presha aliyesimama mbele ya kaunta na njaa ya mchana aone rapu na baga zimepangwa pamoja, kila moja na hesabu yake, kabla hajatoa pesa.