Ukurasa wa Familia: Lugha ya Nyanya Ndani ya Simu

Mwezi huu tunaongea juu ya lugha ya nyumbani.

Mnakumbuka Machi 2020. Sababu ya korona, Uganda ilifunga shule tarehe 20, na siku chache baadaye watu wakakatazwa kuvuka mpaka wa Mpondwe, pale Bwera. Malori ya mizigo yalipita, sisi hapana. Wenye nyanya kule Kasindi, Beni na Butembo tulibaki na simu tu. Hapo jambo likaonekana: nyanya anaongea Kinande, mjukuu anajibu Kiswahili, halafu kimya.

Basi baadhi yetu tukaanza shule ya sauti. Nyanya anarekodi maneno machache kwa WhatsApp, mtoto anasikiliza mara mbili tatu, naye anarekodi jibu. Wakati ule kodi ya mitandao ilikuwa shilingi 200 kwa siku, mbali na bando. Kwa hiyo tulifungua siku moja tu kwa wiki, tukapakua sauti zote, watoto wakazisikiliza wiki nzima bila intaneti.

Majirani wa Kasese na Bwera nao ni msaada. Lhukonzo chao na Kinande ni ndugu kabisa: asubuhi ni "wabukire", asante ni "wasingya", ng'ambo zote mbili. Tofauti zipo, lakini mwenye kimoja hapotei kwa kingine. Tena mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 uliagiza darasa la kwanza mpaka la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali, na Lhukonzo kina vitabu vya watoto vya kusomea. Mkivipata, someni pamoja.

Shule zilifunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022. Watoto wakarudi kwa Kiingereza, na sauti nyingi zikanyamaza. Jamani, tusikubali. Simu inafundisha salamu, lakini lugha inakaa kwa kutumiwa. Chagueni saa moja kila jioni, labda wakati wa kupika, Kiswahili kipumzike. Mtoto akikosea, msimcheke, mrudishieni neno sawasawa. Siku tukirudi, nyanya atamwonyesha shamba na kaburi la babu kwa Kinande. Nani atamtafsiria kila siku?

Nanyi wa lugha nyingine, shauri ni hilo hilo. Tuleteeni maneno matano ya kwenu, tuyachape mwezi ujao.