Kamba niliyomzawadia shemeji

Mwenye kuoa huoa na ukoo mzima, na mimi katika mgao wangu nilipata shemeji baharia. Ni ndugu wa mke wangu, mkazi wa Kilifi, na riziki yake ni kutunza zile mashua za matanga za wageni, yoti, zinazotia nanga katika hori ya Kilifi. Wenyewe huzunguka nazo dunia. Wakichoka, au wakikumbuka kwamba wana wajukuu kwao, huziacha hapo miezi kadhaa na kupanda ndege. Shemeji hubaki akizikumba maji, akizisugua na kuzibadilishia kamba. Mbali na kazi hiyo ana mashua yake mwenyewe ya mbao, yenye tanga moja na foromali kama walivyokuwa nayo babu zake.

Sasa, mwaka mmoja nilipokuwa nikipeleka familia huko likizo ya Agosti, niliona si vyema kwenda mikono mitupu. Nikapita katika hadiwea moja nikanunua bunda zima la kamba ya manila, rangi ya samawati, inang'aa kama kitu cha harusi. Muuzaji aliniapia kwamba hata ndovu akifungwa nayo atalala hapo hapo. Bei nayo ilikuwa ya kirafiki. Nikajiona mwanamume aliyejua kuchagua zawadi.

Shemeji aliipokea kwa mikono miwili. Akaibinya kwa vidole, akaivuta kidogo, akaitazama. "Ahsante sana shemeji, Mungu akuzidishie," akasema. Basi. Hakuongeza neno, na mimi nikadhani amezidiwa na furaha.

Tuliporudi Agosti iliyofuata niliikuta iko kazini. Shemeji alikuwa ameifanya jarari, yaani ile kamba inayopita kwenye kapi juu ya mlingoti na kupandisha foromali pamoja na tanga lake. Samawati yake ilikuwa imefifia ikawa karibu na rangi ya maziwa, lakini hilo halikunishtua. Hata shati langu hufifia.

Tukapakiana watu saba, wakiwamo wanangu wawili. Kusi ilikuwa imekaza. Tulipoukaribia mlango wa hori, pale mawimbi ya nje yanapoanza kubisha hodi, tukasikia mlio mmoja kama wa kiboko. Jarari ilikuwa imekatika pale pale kwenye kapi. Foromali ikashuka na tanga lake lote. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa amehamia ukingoni muda huo huo ili achezee maji kwa mkono. Ubao aliokuwa ameukalia ulipasuka vipande viwili.

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila mke wangu huikumbuka na huiigiza mbele ya wageni. Ninachokumbuka ni miamba ya upande wa kaskazini ikituijia, na shemeji akimwamuru kijana wake atupe nanga. Nanga ikazama, ikashika. Kamba yake nyeupe ikanyooka, halafu, wallahi, ikarefuka kama mpira. Mashua ikavutwa polepole, bila kushtuliwa, ikatulia.

Usiku tulikula wali kimya kimya. Ndipo mke wangu akauliza, "Kaka, jarari yako ilikatikaje, nawe ni fundi wa kamba?" Shemeji akaitazama sahani yake kwa muda mrefu. "Kamba ilikuwa ya shemeji," akasema.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Aliogopa kunivunjia heshima mbele ya dada yake, akaitumia. Kesho yake nilimwomba anifundishe kama anavyomfundisha kijana wake, asinionee haya, na akanipeleka kwenye yoti moja aliyokuwa akiitengeneza.

Kwanza akanivua jina. Sisi Wakenya kila kamba ya plastiki twaiita manila. Manila ya kweli ni kamba ya mmea wa Ufilipino, jamaa wa mgomba, na haina plastiki hata kidogo. Ile niliyonunua mimi ni polipropilini. Ni nyepesi, huelea majini, bei yake ni rahisi, na kwa kumrushia mtu aliyeanguka baharini haina kifani kwa sababu haizami. Lakini jua ni adui yake mkubwa. Isipochanganywa na dawa ya kuikinga, jua letu la ikweta huila nyuzi mpaka zinakuwa kama unga. Ukiipitisha mkononi utaona inakuachia vumbi na vichomi. Hiyo ndiyo niliyodhani ni rangi ya shati.

Kamba ya nanga iliyotuokoa ilikuwa nailoni, uzi uliobuniwa Marekani mwaka 1935. Sifa yake ni huko kurefuka. Wimbi linapoivuta mashua, nailoni hujinyoosha na kulipokea pigo, kisha hujirudi. Kwa nanga na kwa kufungia gatini ni bora kuliko zote. Lakini ukiifanya jarari utajuta, kwani tanga utalipandisha leo na baada ya nusu saa litakuwa limelegea. Kwa jarari na demani kuna poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941. Hairefuki sana, hulivumilia jua miaka mingi, na chumvi haiijali. Ni ghali kuliko polipropilini, na hapo ndipo wengi wetu tunapogeukia ile ya samawati.

Halafu akaniambia niangalie juu. Mlingoti wa yoti ile ulikuwa na urefu wa mita 14, wa aluminiamu, na kwa desturi mlingoti wa namna hiyo hushikiliwa pande zote na waya za chuma kisichoshika kutu. Upande mmoja waya zilikuwepo. Upande wa pili zilikuwa zimeondolewa, na mahali pake palikuwa na kamba ya kijivu isiyozidi unene wa kidole changu. Nikamuuliza kama hii nayo ni zawadi ya shemeji mwingine. Akacheka mpaka akakaa.

Kamba hiyo huitwa Dyneema, na ilianza kutengenezwa kwa biashara Uholanzi mwaka 1990. Ni ya jamii moja na plastiki ya mifuko na ndoo, ila chembechembe zake ni ndefu mno na zimenyooshwa zikalala upande mmoja. Matokeo yake ni ajabu. Yenye unene wa milimita 6 hubeba zaidi ya tani 3 kabla ya kukatika, sawa na waya wa unene huo au zaidi. Mita 100 za waya huo zina uzito wa karibu kilo 18, na za kamba hii hazifiki kilo 3. Shemeji aliweka bunda lake mkononi mwangu nikadhani ni pamba.

Lakini kilichomfanya mwenye yoti akubali si uzito. Waya wa chuma kisichoshika kutu, licha ya jina lake, huoza kwa siri. Pale unapoingia kwenye kifuniko chake cha mwisho, maji ya chumvi hujificha, na katika joto kama letu ufa huanzia ndani usikoweza kuuona. Waya unang'aa, mwenyewe anautazama kila asubuhi, halafu siku moja katikati ya safari ya Ushelisheli unakatika na mlingoti unakwenda nao. Kamba utaitazama urefu wake wote na kuipapasa kwa mkono. Ikijeruhiwa utaiona imetoa manyoya. Na baharini, siku kumi mbali na fundi yeyote, unahitaji makasi, sindano ya kuungia na bunda moja la akiba chini ya kitanda.

Nikaona nimepata neno la mwisho, lakini shemeji si mchuuzi. Alinionyesha na mabaya yake. Dyneema huteleza kama mlenda, na fundo la kawaida ama humfungukia mtu au huila kamba nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo haifungwi, inaungwa. Kamba yenyewe ina uwazi ndani, na ncha yake hurudishwa na kuzikwa ndani ya tumbo lake. Kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojibana. Kipimo ni mara 72 ya unene, kwa hiyo kamba ya milimita 6 huzikwa sentimita 43, na ncha hupunguzwa nyuzi kidogo kidogo ili iishe kama mkia wa panya. Fundi mvivu akizika kiganja kimoja tu, mlingoti utamsuta.

Joto pia haliwezi. Kwenye nyuzi 150 hivi inayeyuka, kwa hiyo isiachwe ijisugue kwa kasi. Na ikikazwa muda wote hurefuka polepole isirudi tena, ndiyo maana shemeji alichagua unene uliozidi ule wa waya iliyokuwa ikiondolewa. Kabla ya kuifunga alitumia siku nzima, siku nzima bwana, akipiga msasa vyuma vyote ambavyo waya ulikuwa ukigusa, kwa kuwa kijino kimoja cha chuma kilichobaki kinatosha kuikata. Mwisho, badala ya skrubu za kukazia, alizungusha kamba nyembamba mara kadhaa kati ya kitanzi na sitaha akaivuta. Jahazi za zamani zilikazwa vivyo hivyo.

Baba mkwe, ambaye alikuja kututazama, hakushtushwa na kitu chochote katika hayo. Ujana wake ulimkuta na kamba za kumbi la nazi. Makumbi yalizikwa kwenye matope ya pwani miezi mingi, yakatwangwa, na akina mama wakayasokota. Ile mitepe ya Lamu na Pate ilishonwa mbao zake kwa kamba hiyo, bila msumari. Mzee anasema kamba ya kumbi ilikuwa na adabu: ikichoka inakonda na kutoa nyuzi, nawe unajua. Nilimuuliza kama angependa kuirudia. "Kuisokota tena? Hapana mwanangu," akasema, "mgongo wangu haujasahau."

Utunzaji wa hizi mpya, kwa jinsi nilivyouona, ni kazi ya mama wa nyumbani hodari. Kila baada ya wiki chache zinaoshwa kwa maji matamu na sabuni laini, kwa sababu punje za chumvi zikikauka ndani ya nyuzi hukwaruza kama msasa. Jarari hugeuzwa ncha kwa ncha, ili sehemu iliyokuwa ikipita kwenye kapi ipumzike. Pale kamba inapogusa ukingo huvishwa kipande cha mpira wa maji. Nailoni na poliesta huchomwa ncha kwa kiberiti zisifumuke. Vipande vilivyokatwa shemeji huvitia kwenye ndoo na kurudi navyo nchi kavu, maana kasa hawajui tofauti ya kamba na mwani.

Nami tangu siku hiyo nimekuwa mchunguzi hata nyumbani. Kamba ya kisima chetu niliikuta imefifia na kuacha vumbi mkononi, tena ndiyo mama watoto anayoinamia kila alfajiri. Niliikata mwenyewe kwa panga. Ya kuanikia nguo nikaiacha, ikikatika zitaumia suruali zangu peke yake.

Likizo iliyopita nilikwenda Kilifi na bunda jipya, jeupe, milimita 12. Nilikuwa nimeagiza poliesta kwa jina, na muuzaji, si yule wa kwanza, aliniapia kuwa ndiyo yenyewe. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili. Akaibinya, akaivuta. Kisha akamwita binti yangu alete ndoo ya maji, akakata kipande cha kidole kimoja na kukitumbukiza, akakikandamiza mpaka chini kabisa na kukisugua ili kitoe hewa. Poliesta huzama. Sote tuliinama kutazama. Alipokiachia, kipande kikapanda taratibu, kikakaa juu ya maji, kikizunguka zunguka.

"Shemeji," akasema, safari hii akinitazama usoni, "hii irudishe."