Wanasayansi Wetu Vijana Wapate Walezi

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hutoa vijana waliohitimu masomo ya sayansi, na kila mwaka wazazi, ndugu na majirani huwashangilia. Hiyo ni haki yao. Lakini wazee wetu walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na sisi tunaona kwamba katika jambo hili la wanasayansi, Visiwa vyetu vimekuwa hodari wa kuzaa na wazito wa kulea.

Hatusemi haya kwa kudharau yaliyokwisha kufanyika. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kisiwani Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi mwaka 2000. Zipo taasisi za utafiti wa kilimo, wa uvuvi na wa afya. Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake hapa, na mkuu wake wa kwanza akawa mwanamke. Milango basi ipo. Kinachopungua ni mkono wa kumshika kijana akishaingia.

Wala hakuna anayeuliza tena kama sayansi ina faida kwetu. Wafugaji wa Unguja wanajua jinsi mbung'o walivyotokomezwa kisiwani humo katika miaka ya 1990, kwa kuachiwa mamilioni ya madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi. Ng'ombe waliokuwa wakidhoofika kwa ugonjwa wa nagana wakapata nafuu, na mfugaji naye akapata maziwa.

Shahada humpa kijana elimu, lakini haimfanyi mtafiti. Kuuliza swali linaloweza kujibiwa, kuandika ombi la fedha likakubaliwa, kuyapanga matokeo hata wataalamu wa nchi nyingine wayapokee, kusimama mbele ya mkutano na kuitetea hoja: haya hayapatikani kitabuni. Hupatikana kwa kukaa na ajuaye. Hakuna fundi wa jahazi aliyejifunza kukunja ubao kwa kusoma. Alikaa miaka chini ya fundi wake, akaanza kwa kushika msumeno na kutia kalafati, mpaka siku moja akaaminiwa kuweka mkuku. Sayansi nayo ni ufundi, na ina kanuni hiyo hiyo.

Asiyekuwa na mlezi ndiye anayepotea, na wanaopotea zaidi tunawajua. Mtoto wa mjini mwenye jamaa katika taasisi huelekezwa nyumbani kwao. Mtoto wa mvuvi wa Kojani au Tumbatu, msichana wa Micheweni, kijana mwenye ulemavu, hao hawana wa kumwuliza. Kijana wa Pemba hulazimika kuvuka bahari kwa kila semina inayofanyika Unguja mjini, na mara nyingi nauli ni ya mfukoni mwake. Mwanamke huzuiwa kwenda baharini usiku kupima maji, na akijifungua mtoto hukuta nafasi yake ya masomo imeshapewa mwingine. Duniani kote, kwa hesabu za UNESCO, katika kila watafiti watatu mwanamke ni takriban mmoja tu. Sisi tusijisifu kwamba tumesalimika na upungufu huo.

Hasara yake inaonekana pwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri zaidi, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi. Mtafiti Dk. Flower Msuya ametumia miaka mingi pamoja na wakulima hao, akijaribu nao kilimo cha maji marefu na utengenezaji wa sabuni ya mwani. Kazi ya namna hiyo haimalizwi na mtu mmoja katika umri mmoja. Tunauliza: ni vijana wangapi wanaoandaliwa kuipokea, na wangapi kati yao ni mabinti wa wakulima wenyewe?

Watafiti wageni tunawakaribisha, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa kazi yake ni kubeba ndoo za sampuli, kuendesha mashua na kutafsiri maswali, kisha matokeo yakaandikwa mbali na jina lake lisionekane.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mhitimu anayeajiriwa katika taasisi ya utafiti apewe mlezi anayejulikana kwa jina, kwa muda wa miaka mitatu, na kazi ya ulezi ihesabiwe mtaalamu huyo anapofikiriwa kupandishwa cheo. Pili, kibali cha utafiti kwa wageni kiwe na sharti kwamba kijana wa Visiwani atashiriki tangu kupanga swali hadi kuandika matokeo. Tatu, uwekwe mfuko mdogo wa utafiti kwa vijana, ugawiwe kwa mashindano ya wazi, na ndani yake zitengwe nauli za Pemba na visiwa vidogo. Nne, likizo ya uzazi isimpotezee mwanamke nafasi yake ya masomo.

Wapo watakaosema hakuna fedha. Mfuko unahitaji fedha, ni kweli; lakini mtaalamu kusoma andiko la kijana na kulisahihisha kunahitaji saa mbili za jioni na moyo wa kutoa. Wapo watakaosema kijana akishafunzwa atakimbilia ng'ambo. Baadhi yao wataondoka, lakini anayekaa miaka mitano mezani bila kazi ya maana huondoka upesi zaidi, au hubaki huku ujuzi wake ukioza. Na wapo watakaohofia upendeleo. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni majina ya walezi na ya waliochaguliwa kubandikwa hadharani.

Wataalamu wakubwa nao wasingoje waraka wa Serikali. Wengi wao walishikwa mkono na mtu fulani walipokuwa vijana, na deni hilo hulipwa kwa kumshika mwingine.

Tunaziomba Wizara zinazohusika na elimu, kilimo, afya, na uchumi wa buluu na uvuvi zilichukue jambo hili kuwa lao. Zitakapokwenda mbele ya Baraza la Wawakilishi na bajeti zao, zisitueleze tu ni vijana wangapi waliohitimu. Zitueleze wangapi wana walezi, wangapi ni wanawake, wangapi wanatoka Pemba na visiwa vidogo, na wangapi bado wako kazini baada ya miaka mitatu. Wananchi watapima kwa hesabu hizo.