KODI, RISITI NA SOKO LA KEROKA



Wengi wenu hufika Keroka kuuza ndizi na mboga, au mna kibanda huko cha kusaidia mshahara. Basi mwajua jambo ambalo mgeni huliona ni ajabu: mji ni mmoja, lakini uko mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kaunti hizi mbili zimegombania haki ya kukusanya ushuru hapo, na wachuuzi wamelalamika kwamba hutozwa mara mbili kwa mzigo mmoja. Ugomvi wa mpaka si wetu kuumaliza; hiyo ni kazi ya wakubwa na ya Bunge. Lililo letu ni kwamba mfanya kazi asitoe shilingi yake bila kujua amempa nani, na kwa sheria gani.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 210, yasema hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Kwa hiyo mtoza ushuru akisimama mbele yako, si utovu wa adabu kumwomba kitambulisho na risiti. Tazama kama risiti ina tarehe, kiasi cha fedha na jina la kaunti, kisha uitie mfukoni. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe, na usikubali kutuma fedha kwa namba ya mtu binafsi. Akija mtoza wa pili, mwonyeshe ile ya kwanza. Hatusemi kwamba itamrudisha kila mara. Lakini msipigane naye, wala msikimbie na mizigo. Lipa, uchukue risiti ya pili, utuletee zote mbili. Malalamiko matupu hurudi na ahadi tupu, lakini risiti mbili za siku moja, za kibanda kimoja, zaweza kuwekwa mezani mbele ya kaunti zote mbili. Baba zetu waliolipa kodi ya kichwa waliitunza stakabadhi kama mboni ya jicho, na walikuwa na sababu.

Sasa tugeuke kwenye mshahara, maana huko fedha hupotea kimya kimya. Mwenzetu mmoja alituletea karatasi yake ya mshahara wa mwaka 2025. Apata shilingi 30,000 kwa mwezi, na tajiri wake, ambaye hatutamtaja, alikuwa akimkata kodi ya mapato 1,500. Tukakaa naye tukapiga hesabu kwa viwango vya mwaka huo. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,800. Bima ya afya, SHIF, ni asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. Jumla 3,075. Tangu mwisho wa Desemba 2024, makato hayo yote matatu huondolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki. Kilichobaki ni 26,925. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, hizo 2,925 za juu asilimia 25, kisha hupunguzwa nafuu ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi anayo. Kodi yake ya haki ilikuwa 731 na senti 25. Mwandishi wa mishahara alikuwa ameihesabu kodi juu ya shilingi 30,000 nzima, na mwenzetu akapoteza zaidi ya shilingi 760 kila mwezi. Pengine hapakuwa na hila, ni uzembe tu. Kwa mtu mwenye watoto shuleni ni mamoja.

Basi piga hesabu yako. Kisha uliza NSSF taarifa yako, uone kama fedha zilizokatwa zimefika, kwa kuwa kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni jambo jingine.

Kwa wenye maduka, iko kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, nayo yamhusu mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25. Hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Angalieni sana: hutozwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Mama auzaye sukari na unga kwa shilingi 104,000 kwa mwezi huenda akabakiwa na faida ya 6,000 tu, lakini kodi hiyo ni 3,120, nusu ya faida yake na zaidi. Sheria yamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba achagua kodi ya kawaida ya mapato, inayohesabiwa kwa faida. Akiwa hana mshahara mwingine, ile nafuu ya 2,400 yaweza kuimeza kodi yote. Ila aandike daftari la kila siku, tena anunue mali kwa risiti ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti hiyo kwa kawaida haikubaliwi. Muuza jumla asiyetaka kuitoa akuongezea kodi wewe.

Jambo la mwisho ni tarehe 30 Juni. Kila mwenye PIN yapasa atume hesabu ya mwaka uliotangulia, hata yule aliyekatwa kodi yote kazini; aombe fomu ya P9 kwa tajiri wake mapema. Vijana wetu waliochukua PIN kwa ajili ya kuombea kazi au mkopo wa masomo, nao yawapasa, ijapokuwa hawakupata hata senti. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo, na hujirudia kila mwaka usiotumwa. Mkisaidiwa na mwenye kompyuta mjini, msimwachie neno lenu la siri.

Wajumbe wa matawi walete risiti za Keroka kwenye mkutano ujao. Leteni nakala, zile zenyewe zibaki kwa mwenyewe.